Barua kwa Shangazi: Naimba Kwaya Lakini Furaha Imenitoka

Bwana Yesu asifiwe, Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, sasa wawili. Nakaa Nyalenda na nauza omena pale Kibuye. Nimekuwa kwenye kwaya ya kanisa letu tangu nilipoolewa, naimba sauti ya pili. Mwaka jana kifungua mimba wangu alitutoka kwa sikoseli akiwa kidato cha pili. Tangu tumzike naimba, lakini ndani hakuna kitu. Mwalimu wa kwaya husimama mbele yetu akijivuta midomo kwa vidole viwili, ishara kwamba tutabasamu. Natabasamu. Halafu majuzi akaja mhubiri mgeni, akasema Mkristo asiye na furaha ana dhambi aliyoificha, na msiba ukikaa nyumbani mwaka mzima ujue kuna mlango mtu aliuacha wazi. Nilirudi nyumbani nikakesha nikihesabu dhambi zangu. Mume wangu hataki tulizungumze; yeye huwasha redio. Je, niache kwaya mpaka furaha irudi? Nikiimba bila kuisikia moyoni, si nitakuwa mnafiki?
Sauti ya Pili, Nyalenda

Amina, binti yangu. Na pole. Naitanguliza pole kwa sababu nimeirudia barua yako na sijaona mahali uliposema kuna mtu aliyekaa nawe chini tangu hema la matanga lilipong'olewa. Sisi watu wa huku tunajua kuzika. Tunajua kuleta viti, sufuria na vipaza sauti, tunajua kukesha na kuchanga. Wiki ya pili kila mtu amerudi kwake, na mama amebaki na sare ya shule asiyojua aipeleke wapi.

Wacha nianze na huyo mhubiri, maana ameniudhi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua. Sikoseli, ambayo wataalamu huiita selimundu, haiingii kwa mlango ulioachwa wazi. Mtoto huipata akirithi jeni ya ugonjwa huo kwa baba na kwa mama, wote wawili, na mara nyingi wazazi wenyewe hawaumwi wala hawajui kwamba wameibeba. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba yao ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa. Huku kando ya ziwa jeni hiyo imeenea kwa sababu mtu anayeirithi upande mmoja tu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, na malaria imetuandama vizazi na vizazi. Kwa hiyo huenda kilichowaokoa mababu zenu ndicho kilichomwondoa mwanao. Inauma kuliandika hilo, lakini dhambi haimo. Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, aliwajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Ni Yohana 9, mstari wa 3, na mhubiri mgeni anao katika Biblia yake kama mimi nilivyo nao katika yangu. Na hao wawili waliobaki, kama hawajapimwa, wapeleke wapimwe damu. Nenda na baba yao.

Sasa swali lako. Hapana, wewe si mnafiki. Mnafiki angekuwa yule anayesimama kushuhudia kwamba Bwana amemfuta machozi yote, na huku mto wake wa kulalia haujakauka. Wewe unaimba maneno ya kanisa. Kwaya haiimbi hali ya moyo wa kila mwimbaji ya siku hiyo; ingekuwa hivyo, watu wa besi wangenyamaza kila Gor ikifungwa.

Fungua Zaburi ya 88. Soma kwanza yale maneno madogo ya juu ambayo huwa tunayaruka: ni wimbo wa wana wa Kora, kwa mwimbishaji. Wana wa Kora walikuwa waimbaji wa hekaluni. Zaburi nyingi za kilio hugeuka kabla ya kuisha. Mtu analia mistari kumi, halafu anasema walakini nitamsifu. Hii haigeuki. Mwimbaji analalamika kwamba analia mchana na usiku, kwamba Mungu anamficha uso wake, kwamba rafiki zake wameondolewa kwake, na wimbo unaishia gizani hapo hapo. Hakuna ubeti wa shangwe. Kwaya ya hekalu ilipewa wimbo huo na ikauimba mbele za Mungu, na Mungu akakubali ukae katika kitabu chake. Sidhani kulikuwa na mtu mbele yao akijivuta midomo.

Watakutajia Wafilipi 4:4, "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, furahini." Waitikie amina, halafu usome barua yote. Ni sura nne tu, unaweza kuimaliza ukingojea wateja. Paulo anayeiandika amefungwa minyororo na hajui kama hukumu itakuwa ya kuishi au ya kufa. Huko nje kuna wahubiri wanaohubiri kwa husuda, wakitumaini kumwongezea dhiki. Epafrodito, ndugu aliyetumwa kutoka Filipi kumletea msaada, aliugua karibu na kufa, na Paulo anasema Mungu alimhurumia, tena akamhurumia yeye Paulo pia, asipate huzuni juu ya huzuni. Huzuni ya kwanza basi alikuwa nayo tayari, na hakuifuta katika barua. Kule kanisani kina mama wawili, Euodia na Sintike, hawapatani, mpaka Paulo anawataja kwa majina barua isomwe mbele ya watu wote (aibu iliyoje!). Furaha ya Paulo imeketi katikati ya mambo hayo. Haikungoja yatolewe nje kwanza ndipo iingie. Na karibu na mwisho anakiri kwamba kuwa radhi katika hali zote ni jambo alilojifunza. Alikuwa mtu mzima, mtume, na bado ilimbidi ajifunze.

Mimi mume wangu alipofariki, kina mama wa Umoja walikuwa wakikutana Alhamisi, na nilikwenda kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Sikuweza kufungua kinywa. Mmoja aliketi kushoto kwangu na mwingine kulia, wakaimba. Hawakunihimiza. Mama mmoja mnene, fundi wa kushona, alikuwa akiimba huku goti lake limegusa langu, basi, hiyo ndiyo huduma yake yote kwangu kwa miezi mingi. Baadaye sana nilijikuta niko ubeti wa tatu na sikujua nilianzia wapi. Siwezi kukuambia furaha ilirudi siku gani. Ninachojua ni kwamba nisingeipata kwa kuitafuta peke yangu chumbani.

Tena kuna jambo ambalo makanisa yetu yamelisahau. Ule uamsho uliotoka Rwanda ukapitia Uganda, ukatufikia Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1930, ulijulikana kwa furaha. Wale ndugu na dada walikumbatiana njiani wakaimba kiitikio chao kwa Kiluganda hata kama hawakujua Kiluganda. Lakini kukumbatiana hakukuwa mwanzo. Walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni: kuketi wachache na kusema kweli jinsi ulivyo, dhambi kama ni dhambi, uchungu kama ni uchungu, bila kujipamba. Kweli ilitangulia, furaha ikafuata. Sisi tumerithi kukumbatiana, na kweli tumeiacha kwa wazee. Ndiyo sababu tuna waumini wengi wenye meno meupe na macho mekundu.

Wewe unauza omena, kwa hiyo unajua kwamba mwezi ukiwa mpevu omena hawavutwi na taa na mashua nyingi hulala ufukweni. Siku hizo wavuvi hushona nyavu. Sijasikia mtu pale Dunga akimwita mvuvi mnafiki kwa kushona wavu usiku asiotarajia samaki.

Basi fanya hivi. Katika sauti ya pili wenzako ni wangapi? Chagua wawili unaowaamini, usichague wale wa kupeleka maneno, uwaambie kama ulivyoniambia mimi. Ukitaka kuendelea kuimba, endelea, na mwalimu wa kwaya umwambie kwa heshima kwamba sauti utampa lakini uso akuachie. Ukitaka kupumzika, pumzika. Keti na waumini wengine mwezi, miwili, uimbiwe. Hiyo si kurudi nyuma. Kurudi nyuma kunaanzia pale unapobaki nyumbani Jumapili ukiogopa kuulizwa.

Mumeo na redio yake anaomboleza pia. Mwanamume wa huku akifiwa na mtoto hupewa kazi ya kununua jeneza na kushukuru wageni, hapewi nafasi ya kulia. Jioni moja mwombe aizime kidogo, mtaje mtoto kwa jina lake. Mzungumzie kitu alichokuwa akipenda, hata kama ni chapati.

Na hili ulisikilize kama la mama: je, unalala? Unakula? Eliya alipokwenda jangwani akaketi chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, nabii akala, akalala, akaamshwa akala tena. Ni 1 Wafalme 19. Kama usingizi umekutoka kwa majuma, au kama fikira za kujiondoa duniani zimewahi kupita kichwani mwako, nenda hospitali wiki hii. Pale Jaramogi, ambayo wazee wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa kuwa Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga, wapo wahudumu wa afya ya akili. Unapokwenda kwao humwachi Yesu mlangoni.

*

Shangazi, mimi ni kijana wa Kaptembwo, Nakuru, kazi yangu ni kuchomelea vyuma, milango na madirisha. Nimeokoka miaka miwili. Pasta wetu alifundisha kwamba nikipanda mbegu kubwa Mungu atanifungulia milango na nitaishi kwa furaha. Nimepanda. Mara ya mwisho nilichukua mkopo wa simu ili nipande. Sasa nina deni la kodi ya nyumba, mwenye nyumba ametishia kunifungia, na kazi imepungua. Nikiuliza naambiwa imani yangu ni ndogo, nisikate tamaa, mavuno yako karibu. Nisipovumilia nitapoteza nilichopanda. Nishauri.
Mpanzi Aliyechoka

Mwanangu, lipa kodi. Mwenye nyumba naye anatarajia mavuno yake mwisho wa mwezi.

Utoaji ni jambo zuri, mimi hutoa, na sadaka ya maskini imejenga makanisa mengi huku kwetu kuliko pesa ya wageni. Lakini soma 2 Wakorintho sura ya 8. Makanisa ya Makedonia, na Filipi ni moja yao, yalikuwa maskini hohehahe na katika dhiki, wakatoa kwa furaha kuwasaidia watu wa Yerusalemu waliokuwa na shida. Angalia mpangilio wake: furaha walikuwa nayo kwanza, kutoa kukafuata, na kilichotolewa kilikwenda kwa wenye njaa. Wewe umefundishwa kinyume, kwamba utoe ndipo ununue furaha. Mtu wa kwanza kujaribu kununua karama ya Mungu kwa fedha alikuwa Simoni mchawi kule Samaria, na jibu alilopewa na Petro katika Matendo 8 sitalinakili hapa, ni kali. Sura ile ile ya 8 ya Wakorintho, mstari wa 12, inasema mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Pesa ya mkopo wa simu ni pesa usiyo nayo. Na anayetoa atoe bila huzuni wala lazima, kwa moyo wa ukunjufu. Ndivyo sura inayofuata inavyosema.

Unaogopa kwamba ukiacha sasa utapoteza ulichopanda. Mcheza kamari naye husema hivyo hivyo, ndiyo maana haondoki. Saburi ambayo Yakobo anaisifu hutokana na imani kujaribiwa na taabu za maisha, na haina ratiba ya malipo.

Mwendee mhazini wa kanisa, si kwa ugomvi, uombe kuona hesabu za mwaka. Kanisa safi litakuonyesha na hata litafurahi kwamba kuna kijana anayeuliza. Likikukemea kwa kuuliza, umepata jibu lako. Nchi hii iliona Shakahola mwaka 2023 mahali utii usio na maswali unapoweza kuwafikisha watu. Sisemi pasta wako ni wa aina hiyo. Nasema uliza.

Halafu tafuta ushirika ambao kijana akikosa kodi wanachanga. Nakuru iko nao, mara nyingi ni makanisa madogo ya mabati yasiyo na bango. Na ufundi wako ni karama: mjane wa mtaani mwenu ambaye mlango wake haufungi, mchomelee. Hiyo ni mbegu nzuri, na haihitaji namba ya M-Pesa.

*

Shangazi, nimeolewa upande wa Kakamega. Mume wangu akilewa hunipiga. Safari hii alinivunja kidole mbele ya watoto. Nilimwendea mchungaji, akaniambia uvumilivu ni tunda la Roho, nimwombee mume wangu na nitunze furaha ya wokovu wangu. Mama mkwe anasema hata yeye alivumilia na leo anaheshimiwa. Naogopa kumkosea Mungu nikiondoka.
Mke wa Mlevi

Binti yangu, ondoka kwanza, tuzungumze ukiwa salama. Nenda kwenu, au kwa dada, au kwa mama yeyote wa kanisani ambaye mumeo hajui nyumba yake. Nenda na watoto, kitambulisho, vyeti vyao vya kuzaliwa na kadi za kliniki. Usimtangazie kwamba unaondoka.

Nimesoma tena Wagalatia 5:22 na 23 kwa ajili yako. Tunda la Roho ni upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Mbona mchungaji alikugawia wewe uvumilivu, akasahau kumpelekea mumeo upole na kiasi? Nyumba zenu ziko kijiji kimoja, asingechoka.

Daudi alikuwa akimpigia Sauli kinubi, huduma takatifu kabisa, Sauli akamtupia mkuki. Daudi hakukaa kumalizia wimbo. Alikwepa, mkuki ukachoma ukuta, akakimbia usiku ule ule. Mke wake ndiye aliyemteremsha dirishani baadaye. Paulo naye alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Na kule Filipi, ambako watu hupenda kuhubiri jinsi yeye na Sila walivyoimba usiku wa manane gerezani, wahubiri wengi huishia kwenye wimbo. Endelea kusoma Matendo 16 mpaka asubuhi. Mahakimu walipotuma watu kusema haya, nendeni zenu, Paulo alikataa. Alisema wametupiga mbele ya watu bila hukumu, nasi ni raia wa Kirumi, waje wenyewe watutoe. Na walikuja. Mtu yule yule aliyeimba usiku alidai haki yake kulipokucha, na hakuona kwamba amepunguza imani.

Kwa hiyo dai yako. Kwanza hospitali, kidole kitibiwe na iandikwe jinsi kilivyovunjika. Kisha polisi, vituo vingi vina dawati la jinsia, uliza hapo, wakupe fomu ya P3 ijazwe na daktari. Tunza nakala kwa mtu mwingine. Kenya ina sheria ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani tangu 2015, na mahakama inaweza kutoa amri ya kukulinda asikukaribie. Simu ya msaada ni 1195, hulipi kuipiga. Piga ukiwa mbali na masikio yake.

Mama mkwe wako simlaumu, alipitia enzi ambayo mwanamke hakuwa na pa kwenda. Lakini heshima anayopewa leo haikutoka kwenye makofi.

Mumeo unaweza kumwombea ukiwa kwenu. Akiacha pombe kweli, na iwe ni mwaka na zaidi watu wakishuhudia, mtazungumza mbele ya wazee wa pande zote mbili. Huyo mchungaji, kama gazeti hili linamfikia, namsalimu, na namwomba amtembelee huyo bwana kabla ya Jumapili.

*

Shangazi, mimi ni mzee wa kanisa, Vihiga. Vijana wetu wanaruka kanisani kama wako disko, kinanda juu, ngoma juu. Zamani tuliketi kwa utulivu. Hii ni furaha ya Bwana au ni jasho tu?
Mzee Mwenye Masikio

Mzee wangu, hamjambo huko milimani. Nakuheshimu, lakini hiyo zamani ya utulivu ilikuwa ya kanisa lenu peke yake. Katika Vihiga hiyo hiyo, mwaka 1942, Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh, na watu wake wamekuwa wakipita barabarani kwa kanzu nyeupe, vilemba, bendera na ngoma tangu kabla mimi na wewe hatujaota meno. Marafiki, yaani Quakers, waliofika Kaimosi mwaka 1902 ni wa dhehebu ambalo ndugu zao wa Uingereza mpaka leo huketi kimya katika ibada, hakuna nyimbo wala mahubiri yaliyopangwa. Nenda leo usikilize Marafiki wa huku wanavyoimba! Injili ile ile, mapafu tofauti.

Mikali binti Sauli alichungulia dirishani akamwona Daudi akirukaruka mbele ya sanduku, akamdharau. Sitaki wewe ukae dirisha lile.

Hata hivyo kuhusu sauti ya vipaza nakuunga mkono. Jirani mgonjwa hana haja ya kusikia besi mpaka ndani ya mifupa. Waambie wapunguze, na uwaambie ukiwa umesimama kati yao na si kwa barua. Halafu waulize nani atakwenda nawe Alhamisi kuwaona wagonjwa. Ukipata watatu, hilo ruka lao lina mizizi. Usipopata hata mmoja, niandikie tena, na safari hiyo nitakuwa upande wako.

*

Sifa kwa Bwana, Shangazi. Ni mimi wa boda, steji ya Kondele. Jumapili ndiyo siku yangu ya pesa, kanisani nafika mara chache. Naona imani inapoa. Nifanyeje, na watoto wanataka kula?
Mtu wa Steji

Mwanangu, tafuta ibada ya alfajiri. Makanisa kadhaa ya mjini huanza mapema, ukitoka bado wateja wanatafuta viatu. Ikishindikana, shika ibada ya katikati ya wiki, kuna za saa ya chakula cha mchana kwa watu wa kazi.

Lakini dawa kubwa iko hapo steji. Huwezi kuwa peke yako unayejisikia hivyo kati ya vijana wote wanaoegesha hapo. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, simameni watatu au wanne, mmoja asome mistari michache, mmoja aombe, kila mtu aseme jambo moja la kweli kuhusu jana yake. Dakika kumi zinatosha. Anzeni na hiyo barua ya Wafilipi niliyomtajia mama wa Nyalenda, sehemu ndogo kila siku. Mwenzenu akipata ajali au pikipiki yake ikikamatwa, ninyi ndio muwe wa kwanza kufika, kabla ya chama.

Na uvae helmeti. Ya abiria pia, tafadhali. Nimepanda boda za Kondele, najua.